Hamu ya Bibi Nakiete

Kifuniko cha birika kiligongagonga kabla ya alfajiri, na Bibi Nakiete akajua kuwa muuguzi Ombeni anampashia chai. Binti mwenye huruma yule. Hata sindano huipasha kiganjani kwanza.

Sheria ilijulikana na wote. Mwili wa mzee anayewatamani watu wake hutengeneza kitu kinachozifanya seli za saratani zijiue. Basi wazee hutengwa, na jamaa huletwa kidogo tu, ili hamu isipoe.

Asubuhi, chai ilipomiminwa, aliletwa Elinaja, mjukuu aliyetibiwa kwa damu ya bibi. Nywele zilikuwa zimeanza kumwota tena.

“Umenenepa, mke mwenzangu,” bibi akamtania.

“Si unaninenepesha wewe, bibi.”

Kabla chai haijapoa, Ombeni akamgusa mtoto begani. Elinaja akainuka bila kuaga, kama alivyofundishwa.

Bibi alijua mtoto amekatazwa kulijibu swali lake la kila mara, maana jibu lingemtuliza, na dawa ingepungua. Alijua pia kwamba Ombeni, sindano mkononi, alikuwa akisubiri kwa upole bibi aliulize, hamu ipande, ndipo amtoe damu.

“Utakuja tena kunitazama, mke mwenzangu?”