Mstari Uliokwanguliwa

"Mstari huo una mwenyewe," alisema mwalimu mkuu, akaendelea kuishikilia ngazi.

Fundi Brashi alikuwa juu ya ngazi hiyo, penseli sikioni, mbele ya ubao wa heshima wa ukumbi wa shule. Kila mwaka, siku ya sherehe, aliitwa kuandika kwa rangi ya dhahabu majina ya wanafunzi waliong'ara. Safari hii walikuwa watatu: nahodha wa netiboli, mwigizaji bora, na bingwa wa sataranji, binti mfupi wa kidato cha kwanza aliyewatoa jasho watu wazima wenye ndevu zao. Tatizo ni kwamba chini ya ubao ilibaki mistari miwili tu. Wa tatu ulikuwa huko juu, katikati ya majina ya zamani, umekwanguliwa hadi mbao ikaonekana.

Mwenyekiti wa kamati ya shule alitaka bingwa wa sataranji aandikwe hapo, yaishe. Mgeni rasmi angefika saa nane kulifungua pazia la ubao, na pengo lile lilikuwa likiiaibisha shule kwa zaidi ya miaka ishirini. Yote hayo aliyasema bila kuinua macho kwenye simu yake.

Kisa cha pengo kila mtu alikijua, ingawa jina hakuna aliyelikumbuka. Msichana mmoja alishinda mbio za mita mia nane, akavunja rekodi ya shule zote. Siku ya sherehe akapewa kipaza sauti ashukuru. Badala ya kushukuru, akamweleza mgeni rasmi kwamba bweni la wasichana linavuja na kitanda kimoja wanalala watatu. Mgeni aliondoka bila kugusa chakula. Kesho yake msichana akafukuzwa, na jina lake likakwanguliwa ubaoni.

"Mkosa adabu yule hana mstari hapa," alisema mwenyekiti. "Mama, wewe umekuja juzi tu. Haya mambo huyajui."

Kweli, mwalimu mkuu alikuwa na wiki ya tatu shuleni. Asubuhi hiyohiyo ndipo Fundi Brashi alipomwandikia kibao cha mlango wa ofisi, maana hadi jana yake kilikuwa na jina la aliyestaafu. Lakini ugeni haukumfunga mdomo. Alijibu kwamba kukimbia yule msichana alikimbia, kushinda alishinda, na bweni lilikuwa linavuja na mpaka leo linavuja. Jina litarudi kabla pazia halijafunguliwa.

Mwenyekiti akaagiza bingwa wa sataranji aitwe aamue mwenyewe, akiamini hakuna mtoto wa kuikataa dhahabu. Binti akaja, akautazama ubao kwa makini, kama anavyotazama kete kabla ya kuzigusa.

"Mimi siwezi kukalia kiti cha mtu," akasema. "Niandikeni hata nyuma ya mlango."

Fundi alicheka hadi ngazi ikayumba. Akaonyesha kipande cha mbao kilichobaki kwenye jukwaa la maigizo, akasema atakipigilia chini ya ubao, kimtoshe bingwa na wa mwakani pia.

Mwenyekiti hakucheka. Alimwambia mwalimu mkuu kwamba jina hilo likiandikwa, barua ya kumwondoa itamfikia kabla ya mwezi kwisha, na fundi naye asikanyage tena pale. Kisha akatoka kwenda kumpokea mgeni, viatu vikilia sakafuni.

"Sitakuwa wa kwanza kuondolewa hapa," alisema mwalimu mkuu. "Fundi, unaandika au huandiki?"

Fundi aliitoa penseli sikioni. Kuna jambo lilikuwa limemwelemea miaka yote hiyo, akaona bora alitoe. Jina lile lilikuwa limeandikwa na mzee aliyemfundisha kazi, lakini aliyelikwangua ni yeye. Alikuwa kijana, akapewa wembe na amri. Kwa aibu alianzia herufi ya mwisho, akarudi nyuma hadi ya kwanza, makusudi asije akalisoma. Mpaka leo halijui, na hakuwahi kuuliza.

Ngazi ikatikisika. Mwalimu mkuu alikuwa ameikaza kwa mikono yote miwili.

"Basi liandike kama ulivyolifuta," akasema hatimaye. "Anza na herufi ya mwisho, urudi nyuma. Ni majina mawili, herufi kumi na tatu. Ya mwisho ni A."

Fundi akapima nafasi kwa chaki, akachovya brashi. Wanafunzi wa mwaka huu walikuwa wameandikwa kwenye karatasi, lakini hili mwalimu mkuu alilitaja kwa kichwa, herufi moja moja, bila kusita. Fundi alizifuata macho yakiwa kwenye ncha ya brashi tu, akisahau ya nyuma kila alipoanza ya mbele. Mkono ulitulia kuliko siku zote.

Nje magari ya mgeni yaliingia na kwaya ikaanza kuimba. Mwenyekiti aliita kutoka mlangoni mara ya kwanza, akaita mara ya pili, sauti imepanda. Hakuna aliyegeuka.

Fundi akamaliza herufi ya kwanza. Akashuka, akarudi nyuma hatua tatu kama kawaida yake, akalisoma jina tangu mwanzo.

Alikuwa ameshaliandika mara moja siku hiyo, asubuhi, kwenye mlango wa ofisi.