Ndiyo ya Somoe

Sheria iliagiza kwamba kila anayeunga mkono vita katika kura ya maoni aonyeshwe, papo hapo, nyumba moja inayopigwa kwa ndiyo yake.

Simu iliita Somoe akikuna nazi. Jirani yake, Mwanahawa, alikuwa mkekani akichambua mchele.

"Je, unaunga mkono mashambulizi ya ng'ambo ya mto?" sauti iliuliza.

Somoe alitaka kusema hapana. Akamtazama Mwanahawa, ambaye mwanawe yuko jeshini, akajibu, "Ndiyo."

"Kumbe na wewe, shoga?" Mwanahawa alinong'ona. "Mimi jana nilisema ndiyo kwa kukuogopa wewe, uliyeuliwa kaka vitani. Nikaonyeshwa kikongwe akiungua mzimamzima."

Kabla Somoe hajasema neno, ukuta uliwaka kama skrini. Lilitokea jiko la ng'ambo, na ndani yake wanawake wawili. Mmoja alikuwa na simu sikioni. Alimtupia mwenzake jicho la wasiwasi, kisha midomo yake ikatamka waziwazi: ndiyo.

Paa likawaangukia. Vumbi lilipotua, kiganja kilichokatika kilikuwa bado kimeishika simu.

"Asilimia tisini na saba wanaunga mkono," sauti ilisema. "Asante kwa kutoa maoni yako kwa uhuru."

Mwanahawa aliusukuma ungo kando. "Shoga, yule naye ameulizwa nini?"

Somoe alikuwa ameinua uso, akilitazama paa lake.