Jicho la Shaba

"Bora nipofuke!" alifoka Mzee Chambuso katika kliniki ya macho, akikataa kupimwa. "Madaktari wenu wakubwa walimchungulia marehemu mke wangu machoni, wakaondoka bila kutuambia walichoona, nikabaki na kaburi."

Muuguzi alimwekea mezani jicho la shaba, la zamani, la kufundishia wanafunzi kupima macho. "Basi chungulia wewe kwanza, babu."

Mzee aliinamia tundu lake. Ndani kulikuwa na picha ya undani wa jicho la mtu: wekundu wa alfajiri, na mishipa imetawanyika kama vijito vitokavyo kwenye mwezi mmoja.

"Na mke wangu Mwanakheri alikuwa nayo haya yote machoni?"

"Kila mtu anayo, babu."

"Na wale madaktari wakayaona, wakapita tu kama wanapita sokoni! Wewe usipite hivyo; ukiona kitu, niambie."

Akavua kofia, akaketi, akalifumbua jicho lake kadiri alivyoweza. Taa ndogo ya muuguzi ikasogea taratibu, kama mtu anayebisha hodi.