Wageni wa Darasa Jipya

Darasa jipya lilijengwa kwa mkopo ambao halmashauri ya mji iliupata benki, na asubuhi ile wakubwa wa benki walikuwa njiani kuja kulikagua. Mwalimu mkuu alitazama miguu ya wanafunzi, akakunja uso.

"Mwalimu Sekela, hawa pekupeku wafiche nyuma ya vyoo. Wakionekana, mkopo wa darasa la pili tuusahau."

Madawati yakakaliwa na watoto wa kuazima kutoka shule ya kulipia, soksi zao nyeupe pe.

Wageni walipoingia, Sekela akauanzisha kwa mazoea wimbo wa kuwakaribisha, ule aliowafundisha wanafunzi wake mwezi mzima. Watoto wa soksi wakamkodolea macho. Kiitikio kikatoka nyuma ya vyoo, kitamu, bila kukosea hata neno.

Mgeni mmoja akasogea dirishani. "Wanaimba vizuri mno. Kina nani wale?"

Mwalimu mkuu akamkazia Sekela macho.

"Watoto wa mtaani tu hao, mheshimiwa," akajibu Sekela, akalifunga dirisha.

Kule nje wakanyamaza, wakimsubiri mwalimu wao aanzishe ubeti wa pili.