Redio ya Baba Mkwe

Waya za redio zilikuwa zimepauka zote rangi moja. Sikujua ipi ya betri ndogo, ipi ya kubwa. Ukikosea, valvu, zile taa ndogo za kioo ndani yake, zinamulika mara moja na kuungua papo hapo, na za redio hii hazipatikani tena Birmingham nzima.

Nilishaipiga picha na kuibandika nambari, kama redio zangu nyingine kuukuu zilizojaa chumbani. Mgongo ulikuwa unaniuma.

"Tuiache bubu," nikamwambia mke wangu.

Mwanakhamis akacheka. "Nchi zote umezurura, mzee, leo unaogopa waya? Redio ya marehemu baba hiyo. Nataka kuisikia mara moja tu."

Nikafunga waya kwa kubahatisha. Swichi nikamwachia yeye.

"Bismillahi," akaizungusha.

Valvu, ambazo huwaka kwa wekundu hafifu, zikamulika nyeupe kama radi.

"Mashallah!" akapiga makofi. "Imeamka!"