Mkomamanga wa Dada Mtu

Huu ulikuwa mwaka wa tatu maua ya mkomamanga wa dada mtu kuishia chini. Ule wa mdogo mtu, uliopandwa siku hiyohiyo upande wa pili wa bustani, ulizaa hadi matawi yakainama.

"Pole, dada. Wewe na miti hamuivani tu," mdogo mtu, fundi cherehani, alizoea kumfariji.

Asubuhi hiyo dada mtu aliokota ua moja, akaligeuza. Shingo yake haikunyauka hata kidogo. Ilikatwa, tena kwa mkato wa vijimeno, kama ukingo wa kitambaa.

Mkasi wenye meno nyumbani ulikuwa mmoja tu.

"Yameanguka tena?" mdogo mtu aliuliza mlangoni, uso umejaa huruma.

"Yameanguka, mdogo wangu. Njoo. Njoo na mkasi wako."