Hema la Ng'ombe Mmoja

Mume wa Anyosisye alikuwa keshaingia kulijaribu lile hema kuukuu la Wadachi.

"Hili linameza ukoo mzima," mchuuzi alisema. "Ng'ombe mmoja tu. Madogo mawili, ng'ombe wawili."

Wao vita viliwaachia ng'ombe mmoja. Nyumba zao za mianzi ziliteketea zote, na mvua ya pale kwao Ngonga haimngoji mtu ajenge.

"Tulichukue, mama," mwanawe alimhimiza.

Anyosisye alimtazama mke wa mwanawe. Alikuwa amesimama mvuani, mtoto mgongoni, amejifunika nguo usoni na kuupa mlango wa hema kisogo. Kwa mila yao, tangu aolewe hajaonana na baba mkwe wake, sembuse kulala chini ya paa moja naye.

"Na huyu je, atalala wapi?" Anyosisye aliuliza kwa sauti, mumewe asikie.

Mzee hata kutoka hakuweza, maana mkwe alikuwa pale pale nje.

Mara ncha ya kisu ikachomoza katikati ya paa, ikaanza kushuka, ikilipasua turubai lililolowa.

"Mzee! Hujalipa!" mchuuzi alipiga ukelele.

"Mpeni ng'ombe wake," sauti ilitoka ndani. "Na mkwe mwambieni achague upande."